Mizizi Niliyochimba Nyuma ya Karasha

Bi Mwahija, shikamoo. Nasoma safu yako tangu nikiwa chuoni, na zamani nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, nikijisemea hawa watu kweli hawana ndugu wa kuwaambia shida zao, na leo ndiyo naelewa kwamba kuna jambo ambalo ndugu ndiye mtu wa mwisho unayeweza kumwambia, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho na unisaidie, ila jina langu usilitoe.

Nina miaka ishirini na tisa, nafanya kazi Shinyanga mjini kwenye mradi wa utafiti wa dawa za asili za kutuliza maumivu. Tunakwenda kwa waganga, tunawauliza wanatumia mti gani kwa mgongo, kwa magoti, kwa jino, tunachukua mizizi au magome, tunakausha na kusaga, halafu maabara wanawapa panya weupe na kuwaweka juu ya bamba lenye joto kidogo, wanahesabu panya aliyekunywa dawa anachelewa sekunde ngapi kuinua mguu kuliko yule ambaye hakunywa. Kabla ya hapo kuna kipimo cha usalama, kuona kama dawa ina sumu. Mkuu wetu ni Daktari Akida, mtu mpole sana, na siku aliponiajiri nilimwambia kwa majivuno kwamba mimi sina haja ya kuzunguka kutafuta waganga, shangazi yangu mwenyewe ni mganga.

Shangazi Nyamizi ni dada yake baba, anaishi kijijini upande wa Songwa, huku Kishapu, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Si mganga wa ramli, hajawahi kumtajia mtu mchawi wake, yeye ni wa mizizi tu, na kwa mizizi ya mti mmoja hasa (jina la mti nimelifuta mimi, msije mkaanza kuchimba, na majina ya watu nimeyabadili – Bi M.) amewatuliza watu maumivu zaidi ya miaka thelathini. Nilipompelekea habari za mradi alicheka akasema, "Mtawaunguza panya wa watu miguu bure, si mniulize mimi?" lakini akakubali kwa sababu ni mimi. Tukaenda porini asubuhi, akanionyesha mti wa kuchimba na mti wa kuacha, akaniambia, "Mahali ambapo watu wamepindua ardhi usichimbe, mti wa hapo umekunywa visivyo vyake, unaumiza." Nilikuwa na fomu mkononi, na fomu yetu ina kisanduku cha masharti ya mganga, na nitakuambia ukweli Bi Mwahija, kisanduku kile nilikiacha wazi kwa aibu, nilijua wenzangu watasoma na kusema kumbe huyu shangazi yake ana mambo ya mizimu.

Mizizi ile niliifunga ikiwa mbichi kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka juu ya kabati, nikaenda kwenye harusi ya rafiki yangu Aneth, niliporudi yote imeota ukungu. Ningemwambia Daktari Akida siku ile yangeisha, angenigombeza kidogo na kunirudisha Songwa. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nakwenda Nyarugusu, Geita, kumwona mume wangu, Mabula, anachimba dhahabu kule, na nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, karibu kabisa na pale wanapooshea unga wake kwa zebaki, nikauona mti uleule, majani yaleyale, maua yaleyale, nikasema Mungu kaniokoa. Nikachimba. Mabula alisimama akinitazama akaniuliza, "Mama Rebeka, hiyo ni ya dawa kweli? Hapa sisi hata mbuzi hatumfungi." Nikamjibu mti ni mti. Safari hii nikaikausha vizuri sana, na kwenye fomu, mahali pa kuandika ilikotoka, nikaandika Songwa.

Panya wakafa. Sita kati ya wanane, kwenye kipimo cha usalama, hata kwenye bamba hawakufika. Nikanyamaza, maana mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuongezwa na Daktari alikuwa amenipendekeza nikasome shahada ya pili, nikajipa moyo kwamba itaandikwa kwenye ripoti na ripoti itakaa kabatini, nani anasoma ripoti.

Nilikuwa nimesahau kwamba mradi una utaratibu wa kurudisha matokeo kijijini. Tukaenda mwezi wa sita, mkutano mbele ya ofisi ya kijiji, shangazi amevaa kitenge kipya, amekaa mstari wa mbele, amewatangazia watu wote kwamba mwanangu anakuja na majibu ya dawa yangu. Daktari Akida kwa upole wake wote akasema mizizi hii imeonekana ina sumu, tunawaomba msiitumie tena. Watu wakageuka wakamtazama. Shangazi akanyoosha mkono, akauliza, "Wamekufa panya wangapi?" Daktari akamwambia. Akauliza tena, "Na walikunywa mara ngapi?" Akajibiwa, "Mara moja tu, mama." Akaketi. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya mahudhurio, nikaendelea kuishika.

Tangu siku ile shangazi anahesabu watu. Kila aliyewahi kunywa dawa yake akafa baadaye, hata kama alikufa miaka saba baadaye, hata kama alikuwa mzee wa miaka tisini, yeye anasema nimemuua mimi. Sasa anapita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, Bi Mwahija, anapiga magoti mlangoni, na magoti yenyewe yamevimba. Amekwisha kupita nyumba tano. Kwa akina Jilala walimwinua wakamwambia, "Wabeja, mayu, tunakushukuru, baba aliuawa na kansa, wewe ulimpa usingizi tu." Nyumba nyingine wanamsikiliza wananyamaza. Nyumba ya tano walimfungia mlango. Jumamosi hii anataka kwenda kwa akina Masele, mama yao alifariki mwaka jana, na Masele amesikika kilabuni akisema kumbe yule bibi alikuwa na lake jambo. Dawa yake mwenyewe ameacha kunywa, hospitali hataki, nilipombembeleza alinishika mkono akasema, "Acha yaume, mwanangu, hii ni haki yangu."

Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi na nitamwaibisha Daktari aliyeniamini, na shangazi atajua kwamba aliyemfanyia haya ni mtoto aliyemlea kwa mikono yake, na nikinyamaza namwona anakwisha. Nimefikiria nimwambie tu kwamba maabara walikosea, bila kusema ni nani, ili moyo wake utulie na mimi nibaki na kazi yangu. Nishauri, maana silali, sili, na kila nikimwona panya hata wa nyumbani nalia.

Mwenye majuto, Shinyanga

BI MWAHIJA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumanne ikiwa chini ya nyingine ishirini na mbili, nikaitoa chini nikaiweka juu, na yule dada mwenye mume anayelala kwa jirani atanivumilia, shida yake itakuwepo hata wiki ijayo. Namba uliyoandika nyuma ya bahasha naipiga tangu jana, haipatikani. Washa simu yako. Gazeti hili linatoka Alhamisi, na wewe mwenyewe umesema Jumamosi.

Unaniandikia habari za mkataba na shahada ya pili! Wewe ni mtoto wa Usukuma. Mimi ni wa kuja, wazazi wangu walitoka Pangani kufuata biashara ya nguo, na hata mimi najua kinachoweza kumpata mwanamke mzee anayepita milangoni mwa watu akisema nimeua. Vikongwe wetu wameitwa wachawi wakakatwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo, kwa macho tu yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Shangazi yako anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa kosa ambalo hakulitenda, na tayari kuna mtu kilabuni ameanza kuusikiliza. Hapo ndipo jambo lako lilipo. Hayo ya kazi yaweke chini kwanza.

Sikuiti muuaji, na sidhani kwamba una roho mbaya. Ulikuwa mwoga, ukaona aibu, na aibu hiyo naijua. Nilikuwa muuguzi miaka kumi na tisa kabla ya kuandika safu hii. Nimewafukuza wodini mabibi wenye vichupa vyao bila kuwauliza hata mara moja wanampa mgonjwa kitu gani, na tena mbele ya madaktari nilipaza sauti zaidi, ili waone mimi si mshamba. Baadhi yao walikuwa na jambo ambalo lingetusaidia, na mpaka leo nikikumbuka nyuso zao najuta, na hakuna wa kumwomba radhi. Wewe unaye, yuko hai.

Katika makaratasi yote ya mradi wenu, hakuna aliyesema neno la maana kuliko shangazi yako aliposema mti huo unakunywa kilichomo ardhini. Hakutaja zebaki, hajasoma kemia, lakini alikuonya waziwazi, na kisanduku cha kuandika onyo hilo kilikuwepo, na kalamu ulikuwa nayo. Hata mumeo, mchimbaji, alikushtua. Wote wawili uliwaona hawajui kitu.

Sasa huo mpango wako wa "maabara walikosea". Hapana. Utakuwa umewapakazia watu wasio na kosa ili ujifiche nyuma yao, na shangazi hatakuamini kwa sababu siku ile ulikuwepo mkutanoni na ulinyamaza. Atadhani unambembeleza tu. Kitakachomtoa mzigo huu ni ukweli wenyewe, wote, pamoja na sehemu inayokuchafua wewe.

Na kuna jambo hujaliona kabisa, limenifanya niisome barua yako mara mbili. Ikiwa kweli ni udongo wa nyuma ya karasha ulioua wale panya, basi kule Nyarugusu kuna watu wanachimba dawa palepale, wanachuma mchicha palepale, na kisima chao sijui kiko hatua ngapi kutoka hapo. Mumeo anakula na kunywa kule. Kwa neno moja uliloandika kwenye fomu, hatari iliyopo Geita umeihamishia Kishapu, na aliye hatarini hajui. Hilo nalo unalifunika kila siku unayonyamaza.

Hata hivyo, usije ukakimbilia upande wa pili. Usimchemshie shangazi mizizi yake ukamwambia anywe, ni salama. Hujui kama ni salama. Mimi pia sijui, na pengine ni mti wenyewe uliowaua wale panya. Shukrani za watu kwa miaka thelathini ni kitu cha kuheshimiwa, lakini kipimo bado hakijafanyika, maana kilichopimwa si dawa yake. Magoti yaliyovimba yanakwenda hospitali, na utampeleka wewe, hata kama ni kwa kumbeba.

Ukimaliza kusoma hapa, panda gari uende kwake. Usitangulize simu wala ndugu wa kukusemea. Kaa chini, mbele yake, umweleze kwa Kisukuma: mizizi iliota ukungu mikononi mwangu, nikachimba mingine machimboni, nikaandika uongo, ukahukumiwa kwa mizizi ambayo hukuichimba. Usilie kwa sauti mpaka aanze kukubembeleza, maana najua watu waliolea, ataacha maumivu yake akuhangaikie wewe. Wacha akasirike. Akikutoa nje, toka, kaa uani, ila usiondoke kijijini.

Jioni hiyohiyo mwone mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, waambie maneno ya Masele na waambie ukweli, ili shangazi alindwe na Jumamosi asitoke peke yake. Daktari Akida mwandikie, kisha nenda ukamweleze kwa mdomo. Mwombe matokeo yale yaondolewe, mwombe arudi kuitisha mkutano palepale, mbele ya watu walewale, na safari hii wewe ndiye usimame useme. Akikubali kupima upya, shangazi achimbe mwenyewe, kama atataka, na sharti lake liandikwe neno kwa neno. Asipotaka kuwaona tena maisha yake yote, mheshimuni, ana sababu. Mizizi ya Nyarugusu nayo ipimwe na udongo wake, na watu wa kule waambiwe.

Kazi unaweza kuipoteza. Ndiyo. Mtu mwenye kuandika uongo kwenye fomu za dawa hana haki ya kushangaa akiondolewa, na Daktari Akida akikuacha ubaki, itakuwa ni hisani yake.

Na zile nyumba tano ambazo mwanamke mzee alizipigia magoti kwa ajili yako, utazipita wewe, kwa miguu, moja baada ya nyingine. Anza na ile iliyomfungia mlango.