Klorokini Niliyokuletea kwa Siri

Yaya,

Dada yangu mukubwa, ni mimi, mudogo wako. Nimerudi sasa hivi kutoka disipanseri, hata koti nyeupe sijaivua. Nimechoka, na si kazi tu inanichokesha. Lile neno tulificha siye wawili, tangu ulipokufa nililibeba peke yangu.

Ulizika mutoto wako wa kwanza kule Boga, malaria ya siku mbili tu. Ulipohamia hapa Bunia, ku mutaa wa Lumumba, ukaniomba klorokini ya kujikinga. Nilikuambia unywe mara moja kwa juma. Weye ulikunywa kila siku. "Mbu iko nauma kila siku," ulisema, ukacheka. Binti yako Furaha alipozaliwa, woga ukazidi. Miaka kumi ulimeza ile uchungu mbele ya kunywa chai, na ni mimi, muuguzi wa familia, niliyekuletea, imefungwa ndani ya karatasi ya kaye, daftari ya masomo.

Kisha uso wako ukaanza kuvimba asubuhi. Miguu ikajaa, viatu vikakatala kuingia. Ku hospitali nilichemsha mukojo wako ndani ya kichupa, juu ya moto, ukageuka mweupe kama yai ya kupikwa, alama ya figo zinazovuja. Nilibaki nimekishika hata vidole vikaungua.

Munganga, yule daktari muzee, aliongea polepole, akiniita mwananchi kwa Kifaransa. "Sitwayeni, figo za dada yako zimechoka. Klorokini inatoka mwilini kupitia figo. Figo zikishindwa, dawa inabaki, inalundikana. Ni yenyewe iliziharibu, ao presha, ao malaria za zamani? Sijui. Hapa hatuna chombo cha kutuonyesha. Lakini aache."

Uliacha majuma mawili. Kisha ukanishika mukono penye mulango wa jikoni, ukalia. "Mudogo yangu, malaria ikinikuta bila dawa, Furaha atabaki na nani?" Na mimi, niliyemusikia munganga kwa masikio yangu, nikakuletea tena. Uliishi miezi minne.

Toka mazishi, Mama alikuwa anasema ni Neema, mukemwenzako, aliyekuroga. Majirani walimupita bila kumusalimia. Na ni Neema huyo anamulea Furaha, anamusuka nywele, anamupeleka masomoni. Mimi nilinyamaza. Mwaka muzima, Yaya. Kila Mama alipoanza, nilitazama chini.

Juma lililopita Furaha alishikwa na homa kali. Nilifika kwa Neema na klorokini mufukoni, na mukono ukakatala kuitoa. Niliona uso wako ule wa asubuhi. Mama alikuwa amenitangulia kufika, amemufunga mutoto ndani ya kitenge ili amutoe mule nyumbani. "Ulimumaliza mama yake, sasa unataka na huyu!" Neema alinigeukia mimi: "Shemeji, mutoto anaungua. Mupe dawa."

Ndipo nikasema. "Mama, Neema hakufanya kitu. Ile dawa ni mimi nilimuletea Yaya, hata baada ya munganga kukataza."

Mama aliketi chini, pale pale ku simenti. "Weye?" Nikajibu ndiyo. Alifungua kitenge, akamurudisha mutoto mikononi mwa Neema.

Nilivunja kinini, kidonge cha ile klorokini, nikachanganya na sukari. Siku tatu, kadiri ya uzito wake, kisha nikaacha. Homa imekwisha. Leo Furaha ameomba bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaomba aongezewe.

Mama hanisemeshi tena. Nilimupelekea muchele, akaurudisha. Lakini jana jirani mumoja aliingia kwa Neema kuomba chumvi, wakakaa wakiongea hata jua likapungua. Niliwasikia wakicheka, nikapita bila kusimama.

Sijui kama ni mimi nilikuua. Munganga hakujua, na mimi sitajua. Nimechoka kujiuliza, na kesho nitajiuliza tena. Wagonjwa wakikuja sasa, neno la kwanza ninawauliza: dawa hii unakunywa toka lini? Wanaona ninachelewesha mulolongo.

Ninakuacha sasa, Yaya. Pumzika na ile woga yako. Furaha atakunywa klorokini siku akigonjwa, na nitamupimia mimi mwenyewe. Na siku akiniuliza namna gani mama yake alikufa, sitamusingizia Neema, wala sitajificha nyuma ya Mungu. Nitamukalisha karibu, nimwambie uliogopa sana kumuacha, na mimi nilishindwa kukunyima.

Mudogo wako