Karavati Lililogoma

Jumatatu, 18 Aprili 1955

Pampu imekohoa asubuhi nzima haitaki kuwaka. Kawaida yake. Nimeipiga teke, ikawaka. Bwana Desuza, msimamizi wetu, Mgoa, anasema ilikuwa plagi. Ni teke langu.

Tumezibua mtaro wa sokoni. Mie ndiye nishikaye mdomo wa shaba, pale mbele maji yanapotokea. Pazi yuko nyuma anaubeba mpira. Maji yakipandishwa nguvu, mpira unarusha mateke kama punda. Pazi umeshambwaga. Mie bado. Kibiti nzima hakuna mwingine wa kunipiku, na nimeishia darasa la nne tu.

Limebaki karavati moja, lile bomba la saruji linalopita chini ya barabara karibu na kwetu. Limeziba kabisa. Maji ya mvua yanasimama upande wa juu, na upande wa juu ndiko iliko nyumba ya mjomba Athumani, ninamoishi. Udongo na miti, haiwezi kusimama majini. Nimemwambia mjomba kesho adhuhuri patakuwa pakavu. Akacheka: "Haya, sultani wa maji."

Mgongo unauma.

Jumanne, 19 Aprili

Aibu.

Tumeingia kwa upande wa chini, ndiyo desturi, ili uchafu utujie sisi na kumwagika mtaroni. Ukaja mweusi: mchanga, tope, pumba za mpunga kutoka mashine ya Kanji. Nikaanza kuimba. Kisha yakarudi maji meupe. Maji yakirudi meupe maana yake njia imefunguka. Nikapanda barabarani kutazama. Kule juu maji yako palepale.

Tumerudia mpaka jua likachwa. Meupe, meupe. Desuza akaniambia mbele za watu, "Wewe unaosha tu, huzibui."

Na mjomba naye kasimama juu ya barabara, mikono nyuma kama Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani: "Mpwa wangu, hebu litekenye kidogo, huenda litacheka!" Wakacheka wote. Nikacheka na mie. Nilitamani kumgeuzia mpira.

Jumatano, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Pampu imevuta majani, ikazimika. Nimeipiga teke, haikuwaka. Kidole kimevimba.

Tukachukua boriti ya mkoko, ndefu, ya Nyamisati, tukaisukuma ndani ya karavati. Ikaingia, ikaingia, halafu ikarudi yenyewe. Inadunda! Saruji haidundi. Tope halidundi. Pazi kasema mna jini. Nimemwambia hakuna jini wa kukaa kwenye pumba za Kanji.

Nilimtazama mjomba boriti ilipodunda. Leo hakutania. Alikwenda zake.

Maji yameingia barazani. Nimechoka hata kula.

Alhamisi, 21 Aprili

Ukuta wa jikoni umeanguka. Umekaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Mke wa mjomba, Bi Tatu, amehamishia mpunga kwenye kibaraza cha Kanji. Alikuwa akipita na kapu kichwani, maji magotini, akimwambia mumewe, "We bwana, nyumba inakwenda, umekaa kama mgeni!" Mjomba akazidi kulitazama karavati.

Desuza anataka kukata barabara. Lakini malori ya kwenda kivuko cha Ndundu yatapita wapi? Lazima kibali kitoke bomani Utete. Labda wiki ijayo. Wiki ijayo kwetu itakuwa bwawa la bata.

Jioni nikafunga ndoana ya chuma kwenye boriti, nikaparura kule ndani. Ikatoka na kipande cha fito zilizofumwa. Nikakijua hapohapo. Mgono, mtego wa samaki. Nani asiyeujua? Mgono umefumwa ili maji yapite na samaki abaki. Ndiyo maana! Siku zote hizi nausafisha mgono, unapitisha maji yangu, nguvu yote inaishia humo, na nyuma yake pumba na tope vimeshindiliwa kama sakafu.

Na ufumaji ule naujua. Fito mbili mbili, fundo kwa ndani. Nimelelewa kwa kambare wa fundo lile.

Nikakificha kifuani. Bwana Shauri alipiga marufuku mitego kwenye makaravati, na mtu mmoja wa Ngorongo alifungwa kwa mgono mmoja tu. Mjomba ameona heri nyumba ianguke kuliko kusema.

Nimemkuta amekaa juu ya kinu. Nikamwekea kipande mbele yake. Nikamuuliza iko mingapi.

"Mitatu," akasema. "Na kigingi cha kuishikilia."

Namchukia leo. Kanifanya kichekesho cha soko zima ilhali anajua.

Ijumaa, 22 Aprili

Baada ya sala mjomba alikuja moja kwa moja na kanzu yake hadi kwa Desuza. Watu walikuwa wamejaa. Akasema, "Bwana, mitego ni yangu. Kijana hana kosa. Kigingi nilikipigilia mwenyewe, nipe kamba."

Nilisema niingie mie. Akaniambia, "We shika kazi yako." Akavua kanzu, akajifunga kamba kiunoni, nyingine mkononi, akatambaa ndani.

Pampu Desuza alikuwa ameshaisafisha, ikawaka; nikapiga maji chini ya tumbo lake, kuliondoa tope asizame. Mikono ikafa ganzi. Sijawahi kuogopa mpira ule, leo niliogopa. Tulisikia anagongagonga. Kisha akapiga kelele, "Vuteni!"

Tukavuta. Mgono wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ulikuja na mjomba, na nyuma ya mjomba bwawa zima. Lilinibwaga na mie, mdomo wa shaba ukaruka huko. Pazi ameona. Atasema mpaka kiama.

Mjomba tulimwokota mtaroni, mweusi tii, anatapika tope. Mzima.

Maji yaliondoka kwa kishindo. Ukuta wa mbele nao ukaondoka. Kimebaki chumba kimoja.

Desuza amechukua jina lake. Jumatatu afike bomani.

Jumamosi, 23 Aprili

Nimelala. Nimeamka, nimebeba udongo, nimelala tena.

Jumapili, 24 Aprili

Ramadhani, siku ya kwanza. Chumba kinanuka tope. Tumelala humo wote watatu, Bi Tatu akatuamsha daku kwa uji.

Mchana mjomba hakufuma wala hakutania. Alikwenda mtoni na kanzu yake. Alivyorudi nikaona ameifua na yangu. Hakuniomba nimsindikize bomani kesho. Amezianika zote mbili kwenye kamba moja, mikono inagusana, akakaa kivulini kungoja zikauke.

Nikaenda nikakaa naye.