Kiyoyozi cha Mama na Baridi ya Bure ya Molo

Jumamosi. Jua la mwezi wa pili liliamka kabla yangu, na mabati ya nyumba hii yamekuwa yakipiga kelele tangu asubuhi. Nimechoka, nina furaha, na nimestaajabu hadi chai imepoa mbele yangu mara mbili.

Nianze na Mama. Tangu Krismasi anaishi nami hapa Nakuru kwa sababu ya moyo. Daktari alitaka akae karibu na kliniki, na asikae kwenye joto kali. Kliniki iko karibu. Joto nalo liko juu ya vichwa vyetu, maana nakaa ghorofa ya mwisho, chini ya mabati. Mama ni mtu wa Molo, amelima viazi maisha yake yote akiwa na sweta mbili. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye sakafu ya bafu, miguu imevimba, pumzi inamkatika. Sijawahi kuogopa hivyo.

Ndipo nikanunua kiyoyozi, cha mitumba, kutoka hoteli iliyokuwa inafunga. Majirani walicheka. Nakuru hii, kiyoyozi cha nyumbani? Walidhani nimeokota pesa.

Fundi alikifunga chumbani kwa Mama: sehemu moja ndani ukutani, nyingine nje kwenye roshani tunakoanika nguo. Nikabonyeza rimoti hadi nyuzi kumi na sita, nikidhani nambari ndogo ndiyo huleta baridi haraka. Na kwa kuwa nauza mapazia mjini, nikamtundikia pazia zito kuliko yote dukani ili jua lisimguse.

Tokeni za stima, umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia, zilizokuwa zikinitosha mwezi zikaanza kuisha kwa wiki.

Mita yetu hulia tokeni zikikaribia kuisha, na Mama aliujua mlio ule kabla hajajua majina ya majirani. Juzi ililia akiwa anakula, akaweka kijiko chini. Jana nikakuta mfuko wake wa safari mlangoni, nguo zimekunjwa vizuri ndani.

"Njeri, nirudishe Molo," akasema. "Huko baridi ni ya bure."

Huko Molo hakuna mtu nyumbani. Kuna kuku tu, na kutoka shambani kwetu hadi kwa daktari ni safari. Nilimwambia angoje Jumapili nipate gari, kisha nikajifungia bafuni nikalia.

Leo asubuhi nikaamua kuielewa hii mashine kabla haijaninyang'anya mama yangu. Nikabeba kiti hadi kwenye ngazi, nikaketi mbele ya mita. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa haraka zaidi kadiri stima inavyotumika. Nimekuwa nikiipita kila siku bila kuiona. Nilizima friji, nikazima kila kitu isipokuwa kiyoyozi, na bado taa ikawa inapepesa kama jicho lililoingia vumbi. Nikangoja ipunguze mwendo. Wapi! Mashine haikupumzika hata kidogo.

Nikaenda roshani. Vitambaa vya Mama vya kichwa nilivyovianika mbele ya ile sehemu ya nje vilikuwa vimekauka vyote. Nikaweka mkono pale. Hewa ya moto! Hata sasa bado nimeduwaa. Kumbe kile kitu hakitengenezi baridi. Kinabeba joto kutoka chumbani kwa Mama na kulitupa nje, na stima ndiyo malipo ya kubeba. Joto lililokuwa mkononi mwangu lilikuwa limetoka kwake.

Basi mbona mzigo hauishi?

Nikaingia chumbani. Mama alikuwa amejifunika blanketi lake la Molo hadi kidevuni, na lile pazia zito lilikuwa linacheza. Siku zote nilidhani ni mashine inayolipuliza. Nikalivuta.

Dirisha lilikuwa wazi, upana wa kiganja.

Sikumuuliza kwa nini. Kwetu tulipasha nyumba moto kwa jiko la makaa, na mdogo wake Mama alilala na jiko ndani, dirisha limefungwa, asiamke. Tangu hapo Mama hajalala dirisha likiwa limefungwa. Utotoni nililifunga kwa sababu ya baridi, na kila asubuhi nililikuta wazi. Sasa nimemweka na mashine inayonguruma ukutani, naye ametulinda kama alivyozoea. Tulikuwa tunalipa stima ya kupoza Nakuru nzima.

Nikamshika mkono, taratibu, hadi roshani. Nikaweka kiganja chake pale kwenye ile hewa.

"Haina moto ndani, Mama. Haili hewa. Inatoa tu joto la chumba chako."

Akaacha mkono hapo. "Hii yote ni yangu?"

"Ni yako."

"Ai! Kumbe nilikuwa naiva."

Tukafunga dirisha, tukaweka ishirini na tano, nikambebea kiti hadi kwenye mita naye aje aone. Taa ikapepesa, ikapepesa, halafu ghafla ikatulia, ikawa inapepesa polepole kama mtu anayesinzia. "Imepumzika," Mama akanong'ona. Nikamweleza kwamba sehemu kubwa ya stima yetu inatoka kwenye mvuke wa chini ya ardhi, kule Naivasha. Akafikiria. "Kwa hivyo moto wa huko chini unakuja kunitolea moto wa huku juu?" Nimeishi kwenye bonde hili miaka yangu yote na sijawahi kuliwaza jambo hilo.

Haitakuwa bure kama Molo, najua. Tokeni bado zitaenda, ila sasa najua zinakoenda.

Jioni hii nilimfungulia dirisha kidogo bila kumwambia. Niliona ni afadhali nilipe huo upana wa kiganja kuliko alale na hofu. Sasa hivi nimepita kumtazama. Amelala, blanketi liko miguuni, na pazia halichezi. Nikalisogeza.

Dirisha amelifunga mwenyewe, na chini yake mfuko wa safari uko mtupu.

Kesho hatuendi popote.