Kibandiko cha Daktari Radi

Mwenzangu, nimejifungia chooni. Nikicheka mbele ya watu sina kazi 😭

Unajua ile dawa ya kulegeza misuli ninayowachoma wagonjwa kabla ya upasuaji? Ukishachomwa hata kupumua huwezi, mashine inakupumulia. Ndiyo maana bomba lake la sindano hubandikwa kibandiko chekundu.

Leo kibandiko hakionekani! Mabomba mawili, dawa zote kama maji. Nikakataa kuchoma. Nikamwaga zote, nikavuta upya.

Daktari Radi, mpasuaji wetu, akanguruma, "Kibandiko kimeota miguu?" Huku amekaa kwenye kiti changu. KITI CHANGU, ninapobandika vibandiko vyangu nikijiandaa!

Upasuaji ukaisha salama. Radi akatoka kifua mbele kuwapa ndugu habari, nami nikasukuma kitanda cha mgonjwa hadi walipo. Akamaliza, akageuka.

Makalioni, herufi kubwa: HATARI. HULEGEZA MISULI.

Nikasema nife.

Mama wa mgonjwa akamshika mkono kwa huruma kabisa: "Pole, mwanangu. Kumbe na wewe walikuchoma. Keti, usije ukaanguka."

Na Radi, asiyemsikiliza hata mkewe, AKAKETI.