Sheria Mpya za Mpira wa Fadha na Ukuta Wangu

Jumamosi, jioni. Mvua ya mchana imekatika, ukungu umeshuka mpaka kwenye ua, na viatu vyangu viko kando ya jiko vinatoa mvuke kama vinapikwa.

Shajara, wacha nikwambie kitu ambacho huko Ireland hawatawahi kukubali. Hizi sheria zao mpya za mpira wa Kigaeli wamezitunga kwa sababu yangu.

Sijisifu. Mimi husema tu mambo yalivyo.

Kama kuna mtu anasoma hii blogu mara ya kwanza, ajue kwamba mpira wa Kigaeli uliletwa hapa kwetu Kuresoi na padri mmoja wa Ireland, ndiyo maana sisi tunauita mpira wa Fadha. Unashikwa kwa mkono, unapigwa kwa mguu. Lango lina milingoti mirefu kama herufi H. Ukiuingiza chini, kwenye wavu, ni pointi tatu. Ukiupitisha juu ya mtambaa panya ni pointi moja. Ukikimbia nao hatua nne lazima uudundishe, ama uupige na kidole cha mguu urudi mkononi. Pasi ya mkono ni ya ngumi. Kumi na watano kwa kumi na watano. Mtu aliyezoea kubeba gunia la viazi akipanda mlima kwenye matope, huyo tayari ameshajua nusu yake.

Fadha alipomaliza muda wake akarudi kwao, akaniachia timu na filimbi. Yeye alituachia mchezo. Akili niliiweka mimi.

Nilitengeneza ukuta. Wachezaji wote kumi na watano, nyuma, mbele ya lango letu, bega kwa bega kama kuku wanaoogopa mwewe. Mpira tukiupata, tunapeana ngumi kwa ngumi, kulia, kushoto, kulia, mpaka wale wengine wachoke roho. Kuna timu ilikuja kutoka Bahati, ikasimama mbele ya ukuta wangu mpaka wengine wakaketi chini wakaanza kuchoma mahindi. Kipa wao alilala akiwa amesimama, kama farasi. Tuliwashinda kwa pointi moja, na hata hiyo moja ni upepo uliipeleka. Fadha alikuwa amechukua video ya ukuta huo na simu yake kabla aondoke. Sasa jiulize, kwa nini alipofika kwao, baada ya muda tu, sheria zikabadilishwa?

Basi. Tuendelee.

Shida ya ukuta ni moja tu. Watu waliacha kuja kuangalia.

Mwanzoni uwanja ulikuwa unajaa. Mwaka jana waliotuangalia walikuwa kondoo wa katekista tu. Na uwanja ni wa kanisa, si wangu. Mwenyekiti wa kamati ya parokia, Mzee Gathogo, ambaye ana macho ya mtu anayeona viazi hata pale penye nyasi, alisema Jumapili iliyopita mbele ya wote kwamba paa la kanisa linavuja na ardhi nzuri imelala bure. Akasema atakuja mechi ya leo, aone kwa macho yake. Akikuta wanaume wanapeana ngumi na hakuna anayeangalia, Jumatatu trekta linaingia.

Sikulala vizuri wiki hii. Nilimwambia mke wangu ni mgongo.

Sheria mpya zililetwa na Chepkoech, binti ya dadangu. Anafundisha shule ya msingi hapa chini, na watoto wake wa shule hufanyia mazoezi kwenye uwanja huo huo. Yeye ndiye refa wetu. Alikuja jikoni kwangu Jumatatu na simu yake, akanisomea. Kwanza, wachezaji watatu lazima wabaki nusu ya mbele kila wakati, hairuhusiwi kurudi wote nyuma. Pili, kuna tao linachorwa mita arobaini kutoka langoni, na ukipiga mpira ukiwa nje ya tao, ukapita juu, unapata pointi mbili. Tatu, ukifanyiwa faulo unaweza kuendelea mwenyewe papo hapo bila kungoja. Nne, refa akipuliza filimbi dhidi yenu, mpira mnampa mpinzani mkononi kwa heshima. Mkiuficha, mkiutupa, mkibishana, unasogezwa mita hamsini mbele.

Nilimwambia hizo ni sheria za watu walioogopa mtu mmoja wa Kuresoi.

Hakucheka. Alimimina chai, akaniangalia, akasema, "Anko, ukuta wako haujawahi kushindwa. Umefukuza watu tu."

Hilo lilinikaa moyoni.

Kwa hivyo nilikubali. Mechi moja, nikasema. Nikajipa kazi ya kuchora tao, kwa sababu hapa Kuresoi nzima hakuna anayepima ardhi kama mimi. Mtu akikodisha shamba la viazi, ananiita. Mimi sitaki kamba, sitaki tepu. Hatua yangu ni mita moja kamili, Mungu aliniumba hivyo. Jirani mmoja anayefanya kazi kwenye lori alikuwa ameniletea gunia la ule unga mweupe wanaochimba Kariandusi. Asubuhi na mapema nikaanza. Kutoka lango la juu, nikahesabu nikishuka. Kutoka lango la chini, nikahesabu nikipanda. Matao mawili meupe, mazuri, kama kucha za malaika.

Chepkoech alikuja na tepu ya fundi. Akapima. Kisha akaniambia tao la juu limeenda mbali, na la chini limekuwa karibu sana, kwa sababu mtu akishuka mlima hatua zinarefuka na akipanda zinafupika.

Nilimwambia mguu wangu haujawahi kudanganya. Lakini nilianza kufikiria mashamba ya watu niliyopima kule mlimani, nikahisi joto kwenye masikio.

Unga ulikuwa umeisha. Timu ya Kaptembwo, wapinzani wetu kutoka mjini, ilikuwa tayari inaingia, juu ya lori linalokuja kubeba viazi. Wakakubaliana na Chepkoech kwamba hakuna shida, kila timu itashambulia lango la chini kipindi kimoja. Haki ni ileile.

Vijana wa Kaptembwo wana mdomo. Mmoja wao, Wafula, kijana wa kazi za mjengo mwenye paja kama gogo la mkalitusi, aliruka chini kutoka kwenye lori akaniuliza, "Kocha, leo ukuta ni wa mabati ama wa matope?"

Nikamwambia ni wa mawe, na akiugusa atarudi kwao na kichwa cha kuazima.

Mzee Gathogo alikuwa ameshafika. Alisimama peke yake na mwavuli, akiangalia chini. Alikuwa anapiga mchanga kidogo na kisigino, vile mkulima hufanya kabla ya kusema bei.

Kipindi cha kwanza sisi tulishambulia lango la chini, lile lenye tao la karibu. Zawadi hiyo. Vijana wangu wangesimama nje ya mstari na kupiga mbili, mbili, mbili. Lakini nimewafundisha nini miaka hii yote? Ngumi kulia, ngumi kushoto. Walifika kwenye tao, wakaliangalia kama ng'ombe anavyoangalia daraja, wakageuka wakarudi. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kupiga kutoka mbali. Niliwaangalia na kwa mara ya kwanza nikauona ukuta wangu kutoka upande wa pili.

Halafu ikaja ile ya mpira. Ulitoka nje karibu na miguu yangu, filimbi ikalia, ni wa Kaptembwo. Nikafanya vile mimi hufanya siku zote. Nikaukalia.

Chepkoech akaja, akautoa chini yangu vile mtu anatoa yai chini ya kuku, akatembea nao mita hamsini mpaka karibu na lango letu. Nikamfuata nikimwambia mimi ni mjomba wake, mimi ndiye nilimpeleka shule siku ya kwanza. Akanijibu bila kugeuka, "Hapa uwanjani sina anko." Wakapiga, pointi. Watu wakacheka.

Lakini ngoja. Watu gani?

Niligeuka kuangalia. Akina mama wa kwaya walikuwa wametoka mazoezini na wamesimama. Watu wa boda boda walikuwa wamezima pikipiki zao wakazipanga kando. Wapakiaji wa viazi walikuwa juu ya lori, juu ya magunia, kama wako jukwaani. Sijui walifika saa ngapi. Nilikuwa nimekalia mpira.

Kipindi cha pili ndicho kilinimaliza.

Wale watatu wa kubaki mbele nilikuwa nimechagua watu ambao sikuwahitaji kwenye ukuta. Mmoja ni Kiprono, kinyozi wa hapo sokoni, mtu mpole, miaka yote kazi yake kwangu ilikuwa kusimama. Sasa yuko mbele, peke yake, nafasi kubwa kama shamba lililovunwa. Mpira ukamfikia. Akakimbia hatua nne, akaudundisha. Akakimbia, akaupiga kidole, ukarudi mkononi. Alipofika mbele ya kipa aligeuka akaniangalia, kama mtu anayeomba ruhusa.

Nikampungia mkono aende.

Akaufunga chini, kwenye wavu. Pointi tatu. Mama mmoja wa kwaya alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Molo. Kiprono alisimama pale hajui la kufanya na mikono yake, mpaka wenzake wakamwangukia.

Kutoka hapo mchezo ulifunguka kama mfereji uliozibuliwa. Huku, kule, huku. Nilisahau kupiga kelele. Nilikuwa nafikiria viazi, kusema kweli. Ukipanda viazi vikibanana sana vinatoa majani tu, shamba linapendeza kutoka barabarani, lakini ukichimba unapata vya ukubwa wa marumaru. Lazima uviachie nafasi. Hii ninawafundisha watu kila msimu, na sikuwahi kuifikiria kwenye uwanja.

Kwa hivyo swali lililonisumbua tangu Jumatatu, la kama sheria zinaweza kufanya huu mchezo uwe bora, naona leo nimelijibu nusu. Ile ya watatu mbele ni nzuri. Ya tao ni nzuri, ikichorwa na mtu mwenye tepu. Ya mita hamsini ni kali sana na ningeiandikia Ireland barua, lakini nakiri kwamba baada yake hakuna mtu aliyebishana na refa tena, na mpira ulichezwa badala ya kuzungumzwa. Nusu nyingine ya jibu sijui. Kuna werevu kama mimi kila mahali, na watu wakishajua sheria wanaanza kutafuta tundu. Labda baada ya mwaka nitavumbua ukuta wa aina nyingine. Lakini leo sikuwa na hamu.

Dakika za mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Kaptembwo sasa ndio walikuwa wanashambulia lango la chini. Wafula akapokea mpira, akaangalia chini, akaona mstari wangu mweupe, akarudi hatua moja nyuma yake. Kwa tepu ya fundi, pale alipokuwa hakukuwa nje. Kwa mguu wangu, alikuwa nje.

Akapiga. Mpira uliinuka ukaingia kwenye ukungu, tukaupoteza wote. Halafu ukatokea tena, juu, katikati kabisa ya milingoti, na msaidizi wa refa aliyesimama kando ya lango akainua leso ya rangi ya machungwa, ile tuliyoazima kwaya, kuonyesha mbili. Filimbi ya mwisho.

Tumeshindwa kwa pointi moja.

Mzee Gathogo alikunja mwavuli akaja mpaka nilipo. Nilijua ni habari ya trekta. Akaniuliza ile ya mbali inahesabiwa mbili kweli. Nikamwambia ndiyo, mwenyekiti. Akafikiri. Akaniuliza kama vijana wetu wanaweza kufundishwa kupiga vile, ama ni ya watu wa mjini tu.

Nikamwambia wakipewa pa kufanyia mazoezi, wanaweza.

"Basi trekta lilime nyuma ya kanisa kwanza," akasema. "Huku tutaona baada ya msimu." Na akaagiza kondoo wa katekista waendelee kuletwa katikati ya wiki, maana nyasi ni ndefu na mpira haudundi vizuri. Mtu aliyekuja kupima udongo alikuwa ameanza kuhangaikia mdundo.

Chepkoech alikuwa anakunja tepu yake. Alinipa tu mpira, mkononi, kwa heshima, vile sheria inasema.

Jumatano tunaanza kufundishana kupiga kutoka mbali. Kiprono amesema atafunga kibanda chake cha kunyoa mapema. Mimi nitaonyesha mfano, ingawa goti langu lina historia yake, na siku nyingine nitaeleza vile liliumizwa na nyati.

Kuna kitu kimoja sijamwambia mtu hapa nyumbani, na naomba mtu wa Kaptembwo asikiandike kwa maoni hapo chini. Wafula alipopiga ule mpira na leso ikainuliwa, mtu wa kwanza kurukaruka kando ya uwanja alikuwa mimi. Nilikuwa nimeshamkumbatia kocha wao kwa nguvu zangu zote kabla nikumbuke mimi ni wa timu gani.