Ndara za Buluu za Mama Mkwe

Mjukuu wangu Achieng,

Nakusihi haya uyafiche, hasa nyanyako na mama yake wasiyasikie. Sisi ni wazima, na ng'ombe amezaa.

Umeuliza nilikubalikaje ukweni. Ujanani, nikiwa karani Homa Bay, mpira ulinipiga ukaacha tundu katikati ya retina, ndani ya jicho. Upasuaji wa kwanza haukuliziba. Baada ya wa pili, daktari aliacha kiputo cha gesi jichoni, akaonya: "Wiki nzima uso chini, la sivyo tundu litabaki."

Siku ya nne nilitarajiwa Migori kujitambulisha. Niliogopa kuahirisha, nikaogopa zaidi kusema nina jicho bovu. Nikaingia nimeinama. Mama mkwe nilimwona ndara zake za buluu tu.

"We kijana, inua uso tukuone!" shangazi akafoka.

"Mbele ya mama? Siwezi."

"Yawa, mwacheni!" mama mkwe akafurahi. "Wengine hunikodolea macho kama visamaki vya omena. Huyu amelelewa."

Tundu liliziba. Siku ya harusi, kwa kuwa uso wa mama mkwe sikuujua, nilitafuta ndara za buluu nikaziinamia kwa heshima zote. Zilikuwa za mpishi. Mama mkwe akatangaza kwamba ninaheshimu hata wapishi.

Basi usiwaogope mno wakwe zako. Ukitaka kuuliza zaidi, piga simu asubuhi, nyanyako akiwa sokoni. Akipokea yeye, uliza habari za ndama.

Babu yako