Handibreki ya Pikapu ya Baba

Jumapili. Rulenge imelowa tangu misa ya kwanza, ukungu umekaa juu ya migomba, na mimi nimekasirika. Siandiki ili nipoe. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitamrushia mtu sufuria.

Kwa wanaoingia hapa mara ya kwanza: ninatengeneza gari. Kuna gemu moja ya kwenye kompyuta ya kuendesha magari kwenye matope na milima, na mtu akijua kuchora umbo na kupanga hesabu za springi na gia, anaweza kuongeza gari lake mwenyewe humo ndani. Wachezaji wanaita modi. Yangu ni pikapu ya Baba, ile ya kijivu iliyokuwa ikibeba ndizi na maharage kutoka Kirushya kuja sokoni hapa, utoto wangu wote. Miezi saba sasa nimeikalia.

Nimeshaulizwa kwa nini naitengeneza, na huwa najibu upuuzi, eti napenda teknolojia. Uongo mtupu. Ninaitengeneza kwa sababu Baba hakuwahi kunipa usukani. Hata mara moja. Hata kwenye uwanja wa mpira, hata gari likiwa limezimwa. Nilikuwa naomba kila Jumamosi, anacheka, ananiambia mtoto wa kike na klachi wapi na wapi. Alphonce, mdogo wangu, alifundishwa kabla hajamaliza darasa la saba. Na Alphonce huyohuyo ndiye aliyeitumbukiza korongoni kule Mabawe, pikapu ikafa kabisa. Hata kugombezwa hakugombezwa. Ni ajali tu, walisema.

Basi nikasema nitajitengenezea ya kwangu, niiendeshe mimi, na asinisemeshe mtu.

Maana mimi kazi yangu ilikuwa gogo.

Handibreki ya pikapu ilikuwa imekufa, ndivyo nilivyojua. Kwa hiyo kila ikisimama mlimani kupakia mzigo, naruka kutoka nyuma na gogo la mkaratusi mkononi, nalisukumiza nyuma ya tairi la kushoto, halafu napiga bodi mara mbili ili Baba aachie breki ya mguu. Mvua inyeshe, jua liwake, niwe na sare ya shule, shauri yangu. Gogo hilo liliwahi kuniponda kidole cha mguu, na kucha haijaota sawasawa mpaka leo. Shuleni waliniita Konso Gogo. Nilichukia sana, ila hapa ni kwangu na nitasema ukweli: nilikuwa najivuna pia. Nilikuwa na miaka tisa na niliamini kwamba bila mimi gari litarudi nyuma liue watu.

Kwa hiyo kwenye modi nimeweka kila kitu. Mabaki ya pikapu yako nyuma ya jiko, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na mimi nimelala chini na futikamba napima chasisi huku kuku wananinyea kichwani. Ndani sikuweza kupima vizuri, usukani uling'olewa zamani na mkono wa handibreki umeoza kwa kutu, kimebaki kipande. Haikunisumbua. Gari hili nalijua, nilijiambia. Handibreki nikaiandika sifuri, yaani imekufa. Nikachora na msichana mwenye sweta la shule, anayeruka na gogo kila dereva akisimama mlimani. Huyo peke yake alinila wiki tatu, maana miguu yake ilikuwa inazama ardhini kila anapotua.

Sospeter, jamaa wa Biharamulo anayenijaribia gari kabla sijaliachia watu walipakue, aliniandikia juzi: handibreki yako haishiki, rekebisha, na huyo mtoto wa nini? Nikamtolea uvivu. Nikamwambia hili ni gari la kweli, si midoli ya mjini, na kama hajawahi kupanda mlima wa Kirushya anyamaze. Nikaongeza na maneno mengine ambayo siyarudii hapa kwa sababu Mama mdogo husoma. Shikamoo, Mama mdogo.

Leo sasa.

Tangu Baba apooze mguu wa kulia hatembei sana, na siku za mvua kiti chake kinahamia sebuleni. Kazi yangu anaiita vikatuni. Hajawahi kuuliza ni nini. Leo nilikuwa nimeunganisha spika najaribu mlio wa injini, ambao niliurekodi kwenye pikapu ya jirani ya aina hiyohiyo, nikaukwaruza kidogo ufanane na wa kwetu. Akainua kichwa.

"Si letu hilo?"

Akaja. Na fimbo yake, hatua kama kumi hivi, akiburuta mguu, akakaa kwenye stuli pembeni yangu. Naona aibu kuandika hili, lakini nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga. Akaitambua taa iliyopinda, akalitambua turubai lenye kiraka. Akaniambia gia ya pili ilikuwa inachomoka, unaizuia kwa goti. Mimi ningejulia wapi mambo ya gia ya pili? Nikaandika pembeni, mbiombio, kama karani. Halafu nikapandisha mlima ili aone kazi yenyewe. Nikasimama katikati. Gari likaanza kurudi nyuma, msichana akaruka, akaweka gogo, likatulia.

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Sasa handibreki umeiua ya nini? Ile ilikuwa nzima. Nzima kabisa, mpaka siku Alphonce anaiangusha."

Nikadhani amechanganya na gari jingine. Nikamuuliza, sasa gogo lilikuwa la nini?

"Ulikuwa unanisumbua na usukani kila safari. Nikakupa kazi, ukatulia."

Ukatulia!

Na alisema akiwa bado anacheka, kama mtu anayekumbuka siku mtoto alipokula sabuni. Nikageuka kwa Mama, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Alikuwa anajua. Nilimwona anavyoinamisha uso kwenye ungo. "Mambo ya zamani hayo, Konso," akasema. Ya zamani! Kidole ni changu, Mama, na ninacho mguuni hapa.

Yaani mimi nimesimama nyuma ya gari limejaa ndizi, matope yamefika magotini, gogo mkononi, moyo unanienda mbio, na yeye kule mbele ameshavuta handibreki, amestarehe, anasubiri nimalize mchezo wangu nipige bodi. Miaka yote ile. Na mimi nikakua, nikapata akili zangu na kompyuta yangu, nikakaa miezi saba kuujenga uongo uleule upya kwa mikono yangu. Nikamtukana mtoto wa watu Sospeter kwa ajili yake. Nimeshamwomba radhi. Amenijibu kwa alama ya dole gumba, na nimestahili.

Nilifungua faili la breki palepale, Baba akiwa amekaa. Nikafuta sifuri, nikaweka nguvu inayotakiwa, ni kazi ya dakika mbili. Nikapandisha mlima tena. Nikavuta handibreki. Gari likasimama tuli. Msichana akaruka vilevile, maana yeye sijamgusa, akaweka gogo lake nyuma ya tairi ambalo halikuwa linakwenda popote, akasimama wima kusubiri. Nilishindwa kumtazama.

Baba alikuwa ameacha kucheka. Nikaona mguu wake wa kushoto, ule mzima, unakanyaga sakafu na kuachia, unakanyaga na kuachia. Alikuwa anatafuta klachi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Hebu nipe kidogo nijaribu, mama."

Nikasema hapana.

Sikumwambia subiri. Sikusingizia umeme. Nilisema hapana, Baba, nikaendelea kuendesha. Nikampandisha mlima wote na kumteremsha, yeye pembeni ameshika ukingo wa meza kwenye kila kona. Nilidhani atanuna aondoke. Hakuondoka. Alitazama mpaka nikazima.

Sasa ni saa kumi na moja jioni na mvua imekatika. Yuko barazani na kiti chake, mlango uko wazi, na kila nikiwasha injini anasikia. Nimeiwasha mara nne. Hakuna ninachojaribu, nataka tu asikie.

Je, kesho akiniomba tena? Sijui. Leo nilisema hapana, nilifurahi kusema, na furaha yenyewe bado haijaniisha.